Mbwa Hana Kosa, Shughulikieni Sakafu

Najua nimepotea. Kuna mdau kaniuliza kama nimedisco, hapana jamani, ni majaribio tu yalibana, na boom nalo likachelewa. Sasa nipo.

Leo sina stori za hostel wala za kantini. Nina ubishi. Ubishi wenyewe unahusu viroboto wa mbwa, na msicheke, kwa sababu kwetu Karatu nimeona mbwa wakiuawa, watoto wa mbwa wakifa kwa sumu na watu wazima wakinuniana kwa ajili ya mdudu ambaye hata ukimshika kati ya vidole viwili anateleza. Msimamo wangu ni huu: tukiona viroboto tunamkimbilia mbwa, wakati viroboto wengi hawapo kwa mbwa. Wapo chini pale anapolala. Ukimwogesha kila siku ukaiacha sakafu, unamaliza sabuni bure. Na ukimuua mbwa ndiyo kabisa, umewafungulia viroboto mlango wa kuhamia kwako.

Hii kitu imenikaa kichwani tangu baba mdogo alivyonipigia simu juzi kati. Nikamwamkia, akaitika, halafu akaenda moja kwa moja: "Wewe si unasoma mifugo huko Morogoro? Basi nakuambia kabisa, huyu Bobi tunamalizana naye Jumamosi. Nyumba nzima tunajikuna, mtoto hata halali." Nikamwambia baba mdogo, samahani, nikuulize tu, Jumapili usiku nguruwe wakishuka nani atabweka? Akakaa kimya. Halafu akasema mambo ya nguruwe ni mengine.

Sio mengine. Kwa wasiopajua, upande wetu wa Rhotia mashamba yanakwenda mpaka yanagusana na msitu wa Ngorongoro. Mahindi yakianza kukomaa wanashuka nguruwe pori, nyani mchana, na kuna usiku wanashuka nyati na tembo, hapo ndiyo unajifungia ndani na kusali. Fisi naye anapita kuangalia kama zizi la mbuzi limefungwa vizuri. Mbwa hawezi kumzuia tembo, lakini anakuamsha. Familia nyingi kule hazina mlinzi mwingine. Kwa hiyo mtu anaposema amuue mbwa kwa sababu ya viroboto, anamfukuza kazi mfanyakazi ambaye mshahara wake ni ugali uliobaki.

Ngoja niwape darasa kidogo, nitajitahidi lisiwe refu.

Kwanza, kiroboto anayeonekana zaidi kwa mbwa wetu kitaalamu anaitwa kiroboto wa paka. Jina tu, hana ubaguzi, anakaa kwa mbwa, kwa paka, kwa mbuzi mchanga, na akikosa wote hao anakuuma wewe kwenye vifundo vya miguu. Jike akishakunywa damu anaweza kutaga mayai 20 mpaka 40 kwa siku. Mayai hayo hayagandi kwenye manyoya kama ya chawa. Ni laini na yanateleza, mbwa akijikuna au akijitikisa yanamwagika chini kama chumvi. Kwa hiyo pale Bobi anapopenda kulala, chini ya kitanda, kwenye gunia pembeni ya mafiga, kibarazani, ndipo kilipo kiwanda.

Mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache, yanatoka mabuu madogo meupe kama vipande vya uzi. Mabuu hayaumi mtu. Yanakula uchafu, na hasa yanakula mavi ya viroboto wakubwa, ambayo ni damu iliyokauka inayodondoka kutoka kwa mbwa. Yaani wazazi wananyonya juu, chakula cha watoto kinadondoka chini. Mabuu yanachukia mwanga, yanajificha kwenye nyufa na kwenye vumbi, na hewa ikiwa kavu sana yanakufa. Halafu kila moja linajifungia kwenye kifuko cha nyuzi kinachonata, vumbi linakifunika, na humo ndani linageuka kiroboto kamili. Kukiwa na joto na unyevu safari nzima inachukua kama wiki tatu au nne.

Tunafundishwa kwamba ukihesabu viroboto wote wa nyumba moja, wakubwa unaowaona juu ya mbwa ni kama asilimia 5 tu. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifuko huko chini. Sasa niambieni, mtu anayemwogesha mbwa peke yake anapambana na nini?

Kile kifuko ndicho kilichonifanya niandike leo. Kiroboto akishakamilika humo ndani hatoki ovyo. Anaweza kukaa miezi akisubiri dalili kwamba kuna mwenye damu amefika: mtikisiko wa miguu, joto, pumzi. Sisi tunaosoma mbali tunalijua hili bila kujua kwamba tunalijua. Unarudi likizo, chumba chako kilikuwa kimefungwa tangu ulivyoondoka, paka na mbwa walikuwa wanajilalia humo kabla hakijafungwa. Unaweka begi chini, dakika tano tu soksi zimejaa vidoti vyeusi vinavyoruka. Bibi yangu alikuwa anasema ni nyumba inakununia kwa sababu umeitupa. Ni viroboto waliokuwa kwenye vifuko, wamesikia hatua zako wakatoka wote kwa pamoja.

Nyumba zetu nazo zinawapendeza sana. Tembe ya kizamani ya Kiiraqw, ile iliyochimbiwa ardhini na kuezekwa kwa udongo, ilikuwa na giza, joto la moto wa jikoni, sakafu ya udongo, na ndama na mbuzi wanalala humo humo na watu. Ilijengwa kwa akili kukabiliana na baridi na maadui, ila kwa kiroboto ilikuwa hoteli ya kitalii. Kule juu kwenye boma za Wamaasai Ngorongoro ni hivyo hivyo, ndama wadogo wanalala ndani na vumbi la mbolea liko kila mahali. Wazee wanakumbuka kwamba boma likizidiwa na wadudu watu walikuwa wanalihama, wakati mwingine wanalichoma. Wale wazee walielewa jambo ambalo sisi wenye vyeti tumelisahau: walihama mahali, mbwa wakaenda nao.

Tukija kwenye dawa ndiyo nina hasira kidogo, mnisamehe.

Kosa la kwanza ni dawa ya josho. Mtu anachukua dawa iliyobaki ya kuogeshea ng'ombe anammwagia mbwa. Ukiangalia chupa unakuta ni amitrazi. Amitrazi inaua kupe vizuri na inatibu ukurutu, lakini kwa viroboto ni dhaifu sana. Kwa hiyo mbwa analewa, anasinzia siku nzima, viroboto wapo, na mwenye mbwa anasema siku hizi dawa zote ni feki. Dawa sio feki bwana, umeileta kwenye kazi isiyo yake.

La pili ni baya zaidi. Karatu yetu ni wilaya ya mashamba. Kuna kahawa, kuna ngano, kuna mahindi, na ukishuka bonde la Eyasi, Mang'ola, kuna vitunguu ambavyo vinapigwa dawa karibu kila wiki. Kwa hiyo sumu za shambani zipo majumbani, kwenye chupa za soda, hazina lebo. Jirani mmoja kule kwetu alikuwa na mbwa jike mwenye watoto sita. Viroboto walizidi, akachanganya kiasi kidogo cha dawa ya vitunguu kwenye ndoo akawachovya wote. Kufika jioni watoto wanatoa mate, wanatetemeka, wanapumua kwa shida. Asubuhi walibaki wawili. Zile sumu nyingi zinapita kwenye ngozi, na mbwa anajilamba, mtoto wa mbwa ananyonya chuchu zilizopakwa. Halafu waliokuwa wanacheza na wale watoto wa mbwa ni wanafunzi wa chekechea. Mimi hapo ndipo ninaposema hii sio habari ya mbwa tena. Mafuta ya taa nayo waacheni, yanachoma ngozi na mbwa akiyalamba yanaweza kumwingia mapafuni.

Sasa turudi kwenye kumuua mbwa, maana hapa mkoani kwetu na mikoa ya jirani tuna historia ambayo ingetosha kutufundisha.

Tauni. Ugonjwa huu kwa sehemu kubwa unabebwa na viroboto wa panya. Lushoto ulisumbua kuanzia 1980 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wagonjwa maelfu na vifo mamia. Mbulu nako uliwahi kuingia mara kadhaa na ukarudi tena 2007, na Karatu ilikuwa ndani ya Mbulu mpaka miaka ya 1990, ni watu wale wale na milima ile ile. Kanuni ya kwanza ya kupambana na tauni, inayoshangaza watu wengi, ni kwamba unaua viroboto kwanza, panya baadaye. Ukianza na panya, panya anapoa, kiroboto anasikia baridi, anaruka kutafuta damu nyingine yenye joto. Na damu iliyo karibu ni ya nani? Ya aliyelala kwenye mkeka.

Sisemi viroboto wa Bobi wana tauni, msije mkaniletea taharuki kijijini. Kiroboto wa paka ni mbebaji dhaifu wa tauni. Hata mbwa mwenyewe akiambukizwa mara nyingi haumwi sana, ila damu yake inabaki na alama, kwa hiyo wataalamu wakitaka kujua kama tauni inapita kwenye kijiji chimbuko, wanaweza kupima damu za mbwa. Ukiua mbwa wote umeua na mashahidi. Ninachosema ni kwamba ile hesabu ni ile ile. Ondoa mnyama, acha sakafu, na vile vifuko vitafunguka mwezi ujao vikute waliobaki ndani ni mama, baba na watoto.

Mfano mwingine upo pale pale Kreta. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa kupita kawaida, inzi wanaouma walizaliana kupindukia Ngorongoro. Simba walinyonywa damu mpaka wakawa na vidonda mwili mzima, wengine wakapanda juu ya miti na wengine wakajificha kwenye mashimo ya fisi. Kreta ilikuwa na simba wapata 60 au 70, wakabaki kama 10. Hawa ni wanyama ambao watalii wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwaogopa, na waliwashindwa inzi. Sasa mtu angesema tuwaue simba ili inzi waishe? Inzi hawakuzaliwa kwenye simba. Walizaliwa kwenye unyevu na majani yaliyooza, simba walikuwa meza ya chakula tu.

Na najua wazee watanijibu na ile ya 1994, pale virusi vya distempa, ambavyo vinaaminika vilitoka kwa mbwa wa vijijini, vilipoua theluthi moja hivi ya simba wa Serengeti, kama 1,000. Ni kweli. Lakini angalieni kilichofuata: mbwa wa vijiji vya kando ya hifadhi walianza kuchanjwa. Waliodhibitiwa ni virusi, mbwa wakaendelea kulinda mbuzi.

Haya, tufanye nini. Baba mdogo aliniuliza swali hili hili kwa sauti ya kukata tamaa, nikamwambia aahirishe ile Jumamosi yake anipe miezi mitatu.

Kwanza hakikisha ni viroboto. Chukua kitambaa au karatasi nyeupe iliyoloana, chana manyoya ya mbwa juu yake, hasa kiunoni karibu na mkia. Vidoti vyeusi vikidondoka na kugeuka rangi ya kutu, hiyo ni damu, una viroboto. Vikibaki vyeusi ni udongo wa Karatu tu, ule mwekundu nao usikudanganye.

Halafu anza chini. Sakafu ifagiliwe kila siku, nyufa zote, chini ya vitanda, na taka zake zichomwe moto, usizitupe nyuma ya nyumba zikaanze maisha mapya. Gunia la mbwa lichomwe kabisa, apewe kitambaa kinachofulika, kila wiki kifuliwe kwa maji ya moto na kianikwe juani mchana kutwa. Jua letu la Julai ni la baridi lakini linakausha, na mabuu yanachukia ukavu. Sakafu ya udongo izibwe nyufa. Mama yangu anakandika kwa udongo na samadi mbichi na majivu, na mimi nasema aendelee, ila afanye mara kwa mara kabla haijapasuka. Mwenye uwezo wa saruji hata kwa chumba kimoja, hiyo pesa haijapotea. Na mbwa atolewe chini ya vitanda, ajengewe kibanda chake kilichoinuka kidogo, mahali jua linapofika. Mbwa wa ulinzi analala chini ya kitanda kufanya nini?

Ukipata dawa ya kupuliza ndani, iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya nyumbani, puliza kwenye nyufa na kona, watoto na kuku wakiwa nje, urudie baada ya wiki mbili au tatu. Kurudia ni lazima kwa sababu hakuna dawa ya maana inayoingia kwenye kile kifuko. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Wamepuliza Jumatatu, Ijumaa wanaona viroboto wapya, wanasema imeshindikana. Hao ni waliokuwa vifukoni. Ukifagia na kutembea-tembea unawaamsha watoke haraka wakutane na dawa. Vumilia.

Ndipo sasa uje kwa mbwa. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, anza na pete ya povu shingoni, vinginevyo wote wanakimbilia kichwani na masikioni. Chanuo la meno ya karibu, kila ukichana unachovya kwenye maji ya sabuni, wanazama. Kwa watoto wa mbwa wenye umri chini ya wiki nane, iwe hivyo tu, sabuni na chanuo, kisha wakaushwe wasipate baridi. Mbwa mkubwa apate dawa ya mbwa, yenye fipronili kwa mfano, au vidonge vya kisasa ambavyo kimoja kinafanya kazi mwezi na vingine miezi mitatu. Kipimo kinakwenda kwa uzito, kwa hiyo muulize bwana mifugo, usikadirie kwa macho. Dawa ya mbwa yenye pemethrini usimpake paka hata tone, inamuua.

Msisahau kuku. Kuna kiroboto wa kuku anayejichimbia kwenye ngozi, unamkuta amejipanga kwenye ukingo wa sikio la mbwa kama shanga nyeusi. Huyo utamtoa leo na kesho yupo kama banda la kuku halijasafishwa. Na ikiwa mbwa amekuwa na viroboto muda mrefu, apewe na dawa ya minyoo, kwa sababu kuna tegu anayepitia ndani ya kiroboto. Mbwa akimtafuna kiroboto anaambukizwa, na mtoto mdogo akimmeza kwa bahati mbaya naye anaweza kumpata.

Kuhusu mimea, kuna watu wanatumia utupa, wengine majani ya mwarobaini. Utupa una sumu ya kweli ya wadudu, babu zetu waliutumia kulevya samaki, kwa hiyo usidhani kwa kuwa ni mti hauna madhara. Kwa hiyo upeni heshima ile ile mnayoipa chupa ya dukani.

Bei najua mtaniuliza. Vidonge ni ghali, kwa bei ya kidonge kimoja unalisha nyumba ugali siku kadhaa, na siwezi kumwambia mkulima wa Rhotia anunue kila mwezi kama mzungu wa lodge. Ndiyo maana nimeanza na ufagio. Chupa moja ya dawa ya kupuliza inaweza kuchangiwa na nyumba tatu nne, na ni bora hivyo, kwa sababu mbwa wetu hawana uzio. Ukisafisha kwako na jirani hajasafisha, Bobi atakwenda kuchumbia upande wa pili arudi na wageni.

Taarifa ya mwisho kutoka nyumbani, wiki ya tano hii: mtoto analala usiku, baba mdogo bado anasema ni baridi ndiyo imewaua, mama anafagia. Wiki ya nne waliibuka tena wachache, nikapigiwa simu ya lawama saa kumi na moja alfajiri, nikawaambia ni wa vifukoni hao, pulizeni tena. Kesho nina jaribio la vimelea saa mbili asubuhi, na swali la kiroboto lisipotoka nitaandamana peke yangu. Wenye uzoefu wa Mbulu, Lushoto au kule Endulen, semeni huko kwenu mnafanyaje.

Nawasilisha.